Kadi ya Jumamosi

Ngazi aliniomba tuoane siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, nikakubali. Jumanne saa nne asubuhi akaniomba tena.

Tulikuwa mahali pale pale, kwenye duka la mikate lililo nyuma ya posta, ambalo mwenyewe ameweka meza tatu nje kwa ajili ya wanaopenda kula mkate ungali moto. Meza ilikuwa ile ile ya pembeni. Ngazi alisukuma kikombe chake kando, akakohoa kidogo, akaweka viganja vyake viwili mezani kama mtu anayekaguliwa.

"Karani," akasema, "mimi sijui kuongea. Miaka thelathini na tatu nimekuwa nikiongea na mashine. Lakini siku zangu zilizobaki, ziwe chache, ziwe nyingi, nataka nizimalizie kwako. Utanikubali?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka hadi nikashika ubavu. Mwanamke wa miaka sitini na moja kuchumbiwa mara mbili ndani ya siku nne si jambo la kila siku, nikajua mtu mzima huyu kaamka na utani.

"Wewe nawe," nikamwambia. "Unataka nikukubali mara ngapi? Au umesikia nimeghairi?"

Hakucheka. Alinitazama kwanza usoni, halafu akatazama mikono yake, halafu akarudisha macho kwangu. Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa aibu.

"Nimesema kitu cha kuchekesha?" akauliza polepole.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nieleze kitu kimoja. Watu huniita Karani kwa sababu nilikuwa karani wa mahakama, miaka ishirini na tisa, kazi yangu kupiga chapa maneno ya mashahidi kama yalivyotamkwa, pamoja na vikohozi vyao. Kazi ile haikunipa mgongo mzuri, lakini ilinipa masikio. Maneno ya Ngazi ya Jumanne yalikuwa maneno yake ya Jumamosi, hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa. Hata kikohozi kilikuwa mahali pake. Kwamba alikuwa ameyakariri, hilo nililijua tangu Jumamosi, na lilinifurahisha, kwa sababu mwanamume anayekariri maneno mbele ya kioo kwa ajili yako bado anakujali. Lakini nani hukariri ombi ambalo ameshajibiwa?

"Hapana," nikasema. "Hujasema cha kuchekesha. Nimekukubali."

Uso wake ukachanua. Jicho lake la kushoto likalengwa na machozi, kama lilivyolengwa Jumamosi, la kushoto peke yake. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto na mgumu kama nilivyoukumbuka tangu ujana wetu, na mimi niliyekuwa nimeushikilia kwa furaha siku tatu zilizopita, sasa nilitaka kuuachia.

"Ngoja nikamwambie dada," akasema. "Atafurahi sana."

Dada yake alishajua. Alinipigia simu Jumapili kuniita wifi. Jumatatu nilikula chakula cha mchana kwao, dada mtu akapanga harusi iwe baada ya wiki mbili, na Ngazi alikuwa amekaa hapo hapo mezani akitabasamu bila kusema neno. Nilidhani ni haya.

Nikamwambia, "Kamwambie."

*

Binti yangu alikuwa anapiga pasi sare zake nilipoingia. Ni nesi, wodi ya watoto, na amerithi macho ya marehemu baba yake, macho yasiyopitwa na kitu.

"Mama, mbona umerudi kama umefukuzwa?"

"Nimechoka."

"Ulikuwa na mzee wako?"

"Ana jina."

"Jina gani, Ngazi? Mtu anaitwa Ngazi anakwenda kutengeneza lifti kwa watu." Tulikuwa tunaucheka pamoja utani huo. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Akasimamisha pasi. "Nikuulize kitu, usinikasirikie. Alistaafu, au alistaafishwa?"

"Kuna tofauti gani? Si amerudi kwao kupumzika?"

"Ipo. Mwezi uliopita nilimkuta hospitali, ghorofa ya tatu, amesimama mbele ya lifti. Ameweka kiganja kwenye mlango anasikiliza, kama daktari anavyosikiliza kifua. Nikapita. Baada ya nusu saa nikarudi, bado yupo. Nikamwamkia. Akaniitikia vizuri tu, halafu akaniuliza, 'Samahani, binti, hapa tuko ghorofa ya ngapi?' Mama, namba imeandikwa ukutani, kubwa kama sinia."

"Macho ya wazee."

"Mimi naona wagonjwa kila siku."

"Wewe unaona watoto wenye kikohozi."

Alichomoa pasi kwenye umeme na kuja kukaa karibu yangu. Nilijua linalokuja, nikatamani asiliseme.

"Baba alilala miaka mitatu," akasema. "Nani alikuwa anamgeuza saa nane za usiku? Nani alikuwa anamlisha kwa kijiko, naye anamtemea chakula? Ulikonda ukabaki meno. Tumemzika, umelala usingizi miaka tisa, umenenepa, umeanza kuimba jikoni. Halafu anatokea mtu aliyekuacha ukiwa na miaka ishirini na nane, anakuja na masanduku mawili na boksi la spana, na dada yake anataka ndoa ndani ya wiki mbili. Haraka ya nini? Wanatafuta nesi wa bure, Mama."

Kuna maneno ambayo mama hamwambii mwanawe hata akiwa amechomwa kisu. Mimi nilimwambia. Nilimwambia kwamba yeye mumewe alimkimbia akiwa mzima wa afya, hivyo asinifundishe habari za kuchagua mwanamume. Akanyanyuka, akachukua sare zake, moja ikiwa bado na mikunjo, akaingia chumbani kwake akaufunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nilikaa pale nikinusa joto la pasi. Nilikuwa nimekasirika hivyo kwa sababu alikuwa anasema niliyokuwa nayafikiria mimi.

*

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwao bila kupiga simu.

Dada yake Ngazi anashona sare za shule. Ni mama wa miaka sitini na nane, mfupi, mcheshi, mwenye sindano mbili tatu zimechomekwa kifuani muda wote. Aliponiona mlangoni tabasamu lilikuja, lakini lilichelewa.

"Wifi. Mbona ghafla? Ungesema tukakuandalia."

"Nilikuwa napita."

"Karibu, karibu ukae hapa." Akanikalisha sebuleni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kati yangu na mlango wa kwenda jikoni. Akaanza kuongea. Aliongea habari za vitambaa, za bei za vifungo, za jirani aliyenunua mbuzi mwenye kelele. Alikuwa anaongea kama redio iliyoachwa wazi ndani ya nyumba isiyo na mtu.

"Ngazi yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anatengeneza pampu. Nitamwita. Kaa tu."

"Naomba maji ya kunywa."

"Nitakuletea."

"Nitachukua mwenyewe, wifi. Si nyumba yangu hii baada ya wiki mbili?" Nikasimama. Alininyooshea mkono kunizuia, halafu akauacha ukaanguka.

Ngazi aliwahi kunieleza kwamba katika kila jengo lenye lifti kuna chumba cha mashine juu kabisa, na ndani ya chumba hicho huning'inizwa kadi kwa uzi. Fundi akimaliza kukagua huandika tarehe, saa, alichokikuta, alichokifanya, kisha sahihi. Fundi hutakiwi kuamini kichwa chako, aliniambia, unatakiwa kuamini kadi.

Jiko la dada yake lilikuwa limejaa kadi.

Zilikuwa ngumu, za rangi ya kahawia, kila moja imetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi wa kushonea. Kwenye jiko la gesi: *Jiko limezimwa. Gesi imefungwa. Saa 2.15. N.* Kwenye bomba: *Limefungwa. N.* Kwenye mlango wa nyuma: *Funguo ziko shingoni.* Kwenye kabati la sufuria: *Dada ameshakula. Usimpikie tena.* Mwandiko ulikuwa wake, ule ule wa kusimama wima niliousoma kwenye barua zake miaka ile ya mwanzo, kabla barua hazijawa fupi na kuishia salamu za kupitia watu.

Kwenye kitasa cha dirisha nikasoma: *Mama alishafariki. Usimwulize dada, analia.*

Na ukutani, juu ya simu, palikuwa na kadi kubwa kuliko zote. *Karani. Chai bila sukari. Mume wake alifariki. Ana binti mmoja, nesi. Hapendi kuitwa bibi. Ukimwona, mwambie amependeza, maana huwa amependeza.*

Nilisimama na glasi mkononi, bila maji. Ile sifa alinipa kila tulipokutana kwa miezi minne, nami kila mara nilirudi nyumbani nikijitazama kwenye kioo kama msichana.

"Jumatatu hukuziona kwa sababu nilizitoa," dada yake alisema nyuma yangu. Sauti yake ya ucheshi ilikuwa imekwisha. "Zote. Nilizijaza kwenye droo ya cherehani kabla hujafika. Ulipoondoka nikazirudisha moja moja. Kila moja ina mahali pake, wifi, ukikosea hapo umemharibia siku nzima."

"Ulizirudisha zote?"

Akaenda kwenye cherehani, akavuta droo, akapekua kati ya nyuzi na vifungo. Akarudi na kadi moja.

"Hii ilikuwa kwenye kitasa cha chumba chake, kwa ndani. Niliikuta jana usiku. Ilikuwa imejificha chini ya tepu."

*Jumamosi, saa 10. Nimemwomba Karani tuoane. Amekubali. Mimi ni mchumba wa mtu. N.*

"Jana aliniomba tena," nikasema. "Hakukuambia?"

Dada yake alikaa chini sakafuni, hapo hapo jikoni, na sindano zake kifuani. Kuficha kwake ndiko kulikomuumbua. Kama angeiacha kadi mahali pake, Ngazi angeamka Jumanne akaisoma, angekuja dukani akanishika mkono kama mchumba, na mimi ningeolewa baada ya wiki mbili nikiwa sijui kitu.

"Ungeniambia lini?" nikamwuliza. "Baada ya ndoa?"

"Nina sukari, wifi. Mguu huu hauponi. Naamka mara tano kuangalia gesi, na kadi iko pale, na bado naamka. Nilitaka apate mtu kabla sijaanguka."

"Kwa hiyo mlikuwa mnatafuta nesi."

"Mimi, ndiyo." Alinitazama macho makavu. "Yeye, hapana. Yeye anakupenda, na hilo ndilo lililonirahisishia kazi. Nitukane, ni haki yako."

Sikumtukana. Mtu anayekiri bila kuzunguka huwa hakuachii pa kushika.

*

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Ngazi akaingia ameinamisha kichwa, maana urefu wake haukuwahi kupatana na mlango wowote. Spana mkononi, grisi hadi kwenye viwiko, funguo zinaning'inia shingoni kwa uzi. Alifurahi kuniona. Ilikuwa furaha nzima, ya mtu asiye na deni moyoni, na ilidumu mpaka alipoona nilichoshika.

Dada yake akajiinua, akapita katikati yetu na kutoka.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

Aliichukua kadi, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba palikuwa na maelezo zaidi. "Hii sikuikuta jana." Akafikiri. Nilimwona anafikiri, nilimwona akinyoosha mkono ndani ya kichwa chake na kupapasa gizani. "Karani. Jana nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nilikukubali."

"Mara ya pili."

"Mara ya pili."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. "Lazima nilikuchekesha."

"Nilicheka," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Nilicheka, Ngazi, nikadhani unanitania. Kwa nini uliniacha nicheke?"

Alivuta kiti akakaa, magoti yakipita usawa wa meza. Hakujaribu kunishika.

"Kule kazini," akasema, "siku moja niliandika kwenye kadi kwamba nimekagua breki. Tarehe, saa, sahihi. Kesho yake ile lifti ikashuka ghorofa mbili peke yake, na mama mmoja ndani. Alivunjika nyonga. Wakaniletea kadi, wakaniuliza, hii sahihi ya nani? Yangu. Ulikagua? Nikasema nilikagua. Na sijui, Karani. Mpaka leo sijui kama nilipanda mpaka chumba cha mashine au niliandika tu. Wakanipeleka kwa daktari. Daktari akaniambia nichore saa. Mimi, fundi, nilishindwa kuchora saa."

Pampu ilikuwa inanguruma nje. Alikuwa ameitengeneza.

"Kwa hiyo hukustaafu."

"Nilistaafishwa, kwa heshima. Wakanipa keki." Akatabasamu kidogo. "Mwaka ule nilipotea njiani mara mbili. Mara ya pili nilikaa kituo cha polisi tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna mtu anayejua jina langu, na mimi nalitafuta silioni. Hapo ndipo nilipokata shauri. Kama ni kupotea, nikapotelee kwetu. Mahali ambapo mtu ataniona barabarani aseme, yule si Ngazi yule, mrudisheni kwa dada yake. Sikurudi kupumzika. Nilirudi ili niwe karibu na watu wa kunirudisha."

"Na mimi? Mimi ni nani kwenye mpango huo?"

"Wewe hukuwemo kwenye mpango. Nilikuona posta, kwenye foleni, unamgombeza mtu aliyetaka kupita mbele ya mama mjamzito. Sauti ile ile. Mpango ukaharibika."

Nilitamani asiseme hivyo. Nilikuwa nimejenga ukuta wa hasira kwa shida, naye akaupitia mlangoni.

"Ungeniambia," nikasema.

"Niliandika. 'Mwambie Karani.' Niliining'iniza pale kwenye simu. Asubuhi niliposoma nikaitoa, nikaichana." Akainua macho. "Hilo sikulisahau. Hilo nilifanya kusudi, na nilifanya mara tatu. Nilitaka unikubali mimi, kabla hajafika huyo mwingine."

"Mwingine gani?"

"Huyo nitakayekuwa. Daktari alisema mwaka, labda miwili. Alisema hata watu wapole hugeuka. Nitakuwa mkali. Nitakutukana, nitasema umeniibia. Nitakusukuma mlangoni. Nimewaona wenzangu kwenye kile chumba cha kusubiria, Karani. Kuna mzee alikuwa anamwogopa mke wake. Mke anamfunga vifungo vya shati, naye analia kama anakabwa."

Nilijua anachokisema, tena nilikijua kwa pua, kwa harufu ya dawa ya kupaka vidonda vya mgongo na ya shuka ambalo limefuliwa mara nyingi mno. Marehemu mume wangu alikuwa mgonjwa wa mwili tu, kichwa chake kilikuwa salama, kila usiku aliniambia asante. Huyu hataniambia asante. Huyu atanitazama kama mwizi, ndani ya nyumba hii ya kadi, na kadi zenyewe siku moja zitakuwa karatasi tu zenye michoro.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Niliona ua, kamba ya nguo, geti lililofunguliwa nusu. Hakuna ambaye angenilaumu.

"Nenda," akasema Ngazi, kwa upole. "Leo ninajua kwa nini umeondoka. Sitakuchukia. Nenda leo, ningali najua."

Simu yangu ikalia. Alikuwa binti yangu. Nilipokea kwa sababu nilitaka kusikia sauti ya mtu mwenye akili timamu.

"Mama, uko kwake?"

"Niko kwake."

"Ni kweli, eti?"

"Ni kweli. Ni kama ulivyosema, na zaidi."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Pole, Mama. Samahani kwa jana. Njoo nyumbani."

"Na mimi unisamehe kwa jana. Nilikosa." Ngazi alikuwa amegeuza uso ukutani ili asisikilize, kana kwamba jiko lile lilikuwa na pembe ya kujificha. Shingo yake ilikuwa imekonda nyuma, nywele nyeupe zimekatwa vibaya na dada mtu kwa mkasi wa vitambaa. Nikaiangalia shingo hiyo na moyo ukanipasuka, sina namna nyingine ya kulieleza. Nilimpenda. Miaka thelathini na tatu dunia ilinichukulia mtu huyu nikanyamaza, nikajikaza, nikaolewa na mwema, nikazaa, nikazika. Sasa kuna kitu kingine kinataka kumchukua mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, na mimi niambiwe nikipishe njia.

"Nitaolewa naye," nikasema kwenye simu.

Niliisikia wodi nyuma yake, mtoto akilia, kitoroli kikipita.

"Basi usinitegemee," akasema binti yangu. "Nakupenda, Mama, lakini hili sitalishika hata kwa kidole. Niliyoyaona kwa baba yananitosha." Akakata.

Niliweka simu mezani. Nikavuta kiti nikakaa.

"Umesikia," nikamwambia Ngazi.

"Nimesikia." Hakugeuka. "Karani, usifanye kwa huruma."

"Huruma ninayo, lakini si ya kiasi hicho. Geuka unitazame."

Akageuka. Macho yote mawili yalikuwa yamelowa safari hii.

"Kwanza," nikasema, "hakuna kunificha tena, wewe wala dada yako. Siku ukiamka hujui tuko wapi, unaniambia. Siku ukitaka kunipiga, nitajua ni ugonjwa, lakini nitajitetea, nina mkono mzito. Pili, huyo daktari tutakwenda kumwona pamoja. Tatu, wiki mbili ni nyingi. Tukamalize Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii, wakati bado unanijua."

Alifika nilipokaa kwa hatua moja na nusu, akapiga magoti, grisi na spana na vyote, akaweka kichwa chake mapajani kwangu. Nilikishika. Kilikuwa kizito na cha moto, kichwa cha kawaida kabisa, huwezi kujua kwa nje. Nikawaza kwamba ndani humo, sasa hivi, kuna kitu kinatembea kikizima taa chumba kwa chumba, na chumba chenye mimi hakiko mbali. Nikakumbatia kichwa kile kwa nguvu, kana kwamba ningeweza kukizuia kwa mikono.

Tulikaa hivyo mpaka pampu ikajizima yenyewe.

"Na mimi nina sharti," akasema, bila kuinua uso.

"Sema."

"Siku nitakapokuogopa. Siku utakaponigusa nikalia kama yule mzee. Siku hiyo ufunge mizigo yako uondoke. Unipeleke popote panapopokea watu kama mimi, uende kwa binti yako, usirudi kunitazama. Sitaki uzeeke ukiwa mtu ninayemwogopa. Niahidi."

"Ngazi."

"Hili siliandiki popote, kwa sababu sitaki nilisome kila asubuhi. Nakuachia wewe. Niahidi, la sivyo Ijumaa sitakwenda."

Alikuwa ameinua uso na kunikazia macho, na alikuwa yeye, yeye mwenyewe mzima, mwenye akili zake zote, akisubiri. Nimeshuhudia watu wengi wakila kiapo. Nilijua namna ya kufanya. Nilimtazama moja kwa moja usoni, nikaweka kiganja changu kifuani pake, sauti yangu ikatoka bila mkwaruzo hata mmoja.

"Naahidi."

Akapumua, mabega yake yakashuka, akanishukuru. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumdanganya, na nilikuwa nategemea asahau.